Naomba ushauri: sakafu ya lamineti jikoni, makabati yatangulie au yafuate?

Wakuu, naomba ushauri wa mafundi. Jiko ni la mita 3 kwa 2.35, chini ni zege la kawaida. Mbao za lamineti (unga wa mbao ulioshindiliwa, juu una tabaka la picha ya mbao) ni za unene wa milimita 8, upana sentimita 19.2, boksi moja linafunika mita za mraba 2.2. Eneo ni 7.05, nikiongeza asilimia 10 ya vipande vya kukatwa nafika karibu 7.8, kwa hiyo maboksi 4.

Nikiacha nafasi ya sentimita 1 kila ukuta, mstari wa mwisho unabaki sentimita 2.6, wembamba ambao hautashika. Nimeamua kupunguza mstari wa kwanza na wa mwisho, kila mmoja uwe karibu sentimita 10.9. Viungo nitavipishanisha angalau sentimita 30. Chini itatangulia nailoni nzito dhidi ya unyevu wa zege, kisha sponji ya milimita 2.

Hofu yangu ni makabati. Yakikaa juu ya sakafu inayoelea (isiyogundishwa wala kupigiliwa misumari chini), uzito unaibana isitanuke, mwishowe inafura au viungo vinaachia. Nikiyafunga kwanza na kuishia kwenye miguu yake, maji ya sinki yakivuja yataingia ukingoni, na lamineti ikishanywa maji hairudi.

Mnaonaje: nipitishe sakafu hadi nyuma kidogo ya miguu, kisha nizibe ukingo kwa silikoni? Na mlangoni, inapokutana na vigae vya sebule, mnatumia mkanda gani usiobana mbao?