Naomba ushauri: nafasi ya utafiti Ujerumani au nibaki na Msimbazi?

Wakuu, habari za jioni.

Nimemaliza PhD mwaka jana, utafiti wangu ulihusu mafuriko ya bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam. Sasa nimepata nafasi ya utafiti ya miaka 2 Ujerumani, kuhusu mabadiliko ya tabianchi mijini. Mshahara mzuri, sikatai.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba kazi yenyewe ni ya kompyuta tupu: kupima joto la miji kwa picha za setilaiti. Mimi nilichokijua nimekipata kwa miguu, Jangwani na Kigogo, mama mmoja akinionyesha ukutani maji ya Desemba 2011 yalipofika. Baada ya mafuriko yale watu walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, lakini wapo waliorudi bondeni kwa sababu riziki yao iko Kariakoo. Setilaiti itaonyesha paa, sababu ya kurudi haitaionyesha. Niliwaahidi kuwarudishia matokeo, na bado sijafanya hivyo.

Waliopitia hii njia: inawezekana kumwomba profesa, kabla ya kusaini, Dar iwe mojawapo ya miji ya utafiti? Na je, chuo hapa nyumbani kikikupa likizo bila malipo, nafasi yako unaikuta?

Natakiwa kujibu Ijumaa.