Naomba ushauri: niwaeleze wanafunzi wangu spekulamu ya Sims ilitoka wapi?

Mkufunzi wa Ukunga:
Ndugu wanajamvi, ninafundisha wauguzi na wakunga, na hivi karibuni nitafika kwenye somo la fistula ya uzazi, yaani tundu linalotokana na uzazi mgumu na kumfanya mama avuje mkojo. Maandalio yangu ya miaka yote yanataja spekulamu ya Sims, kifaa cha kupanulia uke wakati wa uchunguzi na upasuaji, na kuishia hapo. Hata hivyo, J. Marion Sims, daktari wa Marekani, aliipata mbinu yake ya kuziba fistula kati ya mwaka 1845 na 1849 huko Montgomery, Alabama, kwa kuwapasua mara kwa mara wanawake Weusi waliokuwa watumwa, bila dawa ya usingizi. Mmoja wao, Anarcha, peke yake alipasuliwa takriban mara 30. Upasuaji huohuo ndio unaomrudisha leo miongoni mwa watu mama aliyetengwa kwa sababu ya kuvuja mkojo. Nikieleza, nahofia mwanafunzi ataishika kazi hii kwa moyo mzito. Nikinyamaza, nashiriki kuwafuta wanawake wale. Nifanyeje?

Mkunga Mstaafu:
Mwalimu, waeleze, tena anza na majina ya Anarcha, Betsey na Lucy. Wasaidizi wa Sims walipochoka na kumwacha, wanawake hao ndio waliowashika wenzao wakati wa kupasuliwa na kumsaidia kazi, kwa hiyo ujuzi huo ulipita mikononi mwao pia. Mimi nilifundishwa jina la daktari tu, na hilo linaniuma hadi leo.

Daktari wa Wilaya:
Naunga mkono, ila usiruke hoja ya utetezi. Wapo wanaosema kwamba eteri, dawa ya usingizi, ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, wakati Sims ameshaanza, na kwamba yeye mwenyewe aliandika kuwa wanawake walikubali. La eteri lina uzito kiasi. La kukubali halina, kwa sababu mtumwa ambaye bwana wake amekwisha kuruhusu hana nafasi ya kukataa. Hapo ndipo somo la ridhaa linapoingia. Usilizungumze wodini, mbele ya mama anayesubiri kupasuliwa.

Mwanahistoria:
Sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York, mwezi Aprili 2018, na mwaka 2021 Montgomery ikapata mnara wa wanawake hao watatu. Waonyeshe picha zote mbili.

Mkufunzi wa Ukunga:
Nawashukuru sana. Nitaanza na majina, nifuatie na ridhaa, ndipo nitoe spekulamu mezani. Daktari, je, unaweza kunisaidia kutunga swali la mtihani kuhusu ridhaa ya mgonjwa aliyeletwa na mumewe?