Saundi kadi ya bei kubwa imeshushwa karibu nusu, ninunue au niache?

Sikio_la_Usiku:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kabla sijalipia. Kuna saundi kadi (kadi ya sauti) ya kuchomeka ndani ya kompyuta kwenye tundu la PCI Express, nimeifuatilia zaidi ya mwaka, bei ilikuwa haishikiki, sasa imeshuka karibu nusu na ofa inaisha siku tatu zijazo. Kwenye boksi wameandika desibeli 120 na ushee, biti 32, kilohezi 384, halafu ina kikuza sauti chake cha hedfoni. Mimi nacheza gemu na kusikiliza muziki usiku watu wamelala kwa hiyo hedfoni ndo kila kitu kwangu. Sauti ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta) si mbaya ila kuna kelele ndogo kwa nyuma kama mchanga unamwagwa kwenye karatasi, nikisogeza mausi inabadilika, gemu likikolea inageuka mluzi kabisa. Hii kadi itaiondoa au natupa hela? Hedfoni ni za omu 32 (kipimo cha ukinzani wa umeme), nachomeka jeki ya mbele ya keisi.

fundi_waya:
Mkuu hapo mwisho umesema jeki ya mbele, na mimi ningeanzia hapo hapo. Zima mashine, fungua ubavu wa keisi, fuata ule waya wa jeki. Mara nyingi ni mwembamba, kinga yake haina maana, na unapita chini ya kadi ya grafiki mpaka pembeni ya madabodi kwenye pini 9 zilizoandikwa HD_AUDIO au AAFP. Waya wa namna hiyo unadaka kelele za umeme njia nzima kama antena, ndo maana mluzi unapanda gemu likianza, grafiki inavuta umeme mwingi. Chomeka hedfoni tundu la kijani la nyuma usikilize tena. Na ujue hata ukinunua kadi, ukiunganisha waya uleule kwenye pini za kadi, kelele inakufuata.

Desibeli:
Naongezea kuhusu namba za kwenye boksi maana zinauza sana hizo. CD ni biti 16 na kilohezi 44.1, biti 16 peke yake zinakupa kama desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa, na 44.1 inabeba mpaka kilohezi 22 wakati sikio zima la kijana linaishia kwenye 20. Hiyo 384 hutaisikia. Zamani kadi ilikuwa na kazi kubwa kweli, Sound Blaster ya kwanza ilitoka 1989 na kwa miaka mingi bila kadi gemu ilikuwa inalia pii pii tu, baadaye kadi zikawa zinabeba hesabu za mwangwi kumpunguzia prosesa mzigo. Windows Vista ilipokuja 2007 ikakata DirectSound, ile njia ya Windows ya kupitisha sauti za gemu, isiifikie kadi moja kwa moja, tangu hapo sauti za gemu prosesa anazipiga mwenyewe na wala hachoki. Kitu kingine, anayetumia HDMI au hedfoni za USB asinunue kabisa, sauti yake haipiti kwenye kadi.

Mzee wa Omu 250:
Jamani msiziponde zote. Mimi natumia hedfoni za omu 250, kwenye madabodi nilikuwa naweka sauti mwisho kabisa na bado mtu anaongea kama yuko chumba cha pili, kadi yenye kikuza sauti ikanitoa hapo na sijajuta. Ila wewe ni omu 32, nguvu unayo ya kutosha, cha kuangalia ni ukinzani wa tundu lenyewe, uwe chini ya omu 4 hivi, ukiwa mkubwa besi inavurugika. Nakuonya na kitu kimoja, kadi yangu ya kwanza ilikuwa ya PCI ya zamani, nzima kabisa mpaka leo, lakini waliacha kutoa draiva (programu ya kuifanya Windows iitumie kadi), nilipobadilisha Windows ikawa haitoi hata mlio, na madabodi mpya haina hata tundu lake. Iliniuma sana. DAC ndogo ya nje ya USB (kifaa cha kugeuza sauti ya kidijitali iwe ya hedfoni) inakaa mbali na kelele za ndani, na Windows 10 tangu 2017 inazitambua nyingi bila draiva ya ziada, kesho unaihamishia kwenye laptop.

Sikio_la_Usiku:
Nimerudi wakuu. Nimechomeka nyuma, mluzi wa gemu umekata kabisa sikuamini, nimekaa dakika nzima nasogeza mausi tu, kimya. Mchanga umebaki kwa mbali sana, nausikia nikipandisha sauti bila kupiga kitu.

fundi_waya:
Safi. Huo uliobaki ingia mipangilio ya sauti upande wa spika, kwenye leveli, uone kama maiki na laini ya kuingizia ziko wazi. Zikiwa wazi kelele zao zinavujia kwenye hedfoni. Zifunge zote mbili.

Sikio_la_Usiku:
Maiki ilikuwa wazi, ipo juu kabisa! Nimefunga, pametulia. Kadi nimeitoa kwenye kikapu, natafuta waya wa kurefusha wenye kinga nzuri nivute kutoka nyuma mpaka mezani. Asanteni sana.