Mhariri kanikatia viungo 9 kwenye hadithi yangu ya mimba, halafu ananiambia "imekosa mtiririko"

Wakuu salamu. Sina hata hamu ya salamu ila ndio adabu, na leo adabu ndio kesi yenyewe.

Naomba nimwage povu maana nimekaa nalo siku tatu. Mimi naandika hadithi za kubonyeza, zile wataalamu wanaita haipateksti, yaani hakuna ukurasa wa kwanza wa pili wa tatu, kuna vipande, na ndani ya kipande kuna maneno yenye rangi, ukibonyeza hili unaenda huku ukibonyeza lile unaenda kule, mnaweza mkasoma watu wawili mkamaliza mkiwa mmesoma vitu tofauti kabisa. Natumia Twine, programu ya bure, ipo tangu 2009, wala huhitaji kujua kuandika kodi za kompyuta. Nikaandika ya ujauzito. Vipande 40, kila wiki na chake, na vingine vya kuchomekea pembeni. Jarida moja la mtandaoni (silitaji, wanajijua) likaipokea, likanisifia mpaka nikaona haya, likaipandisha. Wiki moja baadaye nafungua naikuta inachechemea.

Wamekata vipande 9 bila kuniambia. Nauliza, najibiwa "tuliondoa viungo vya aibu tu". Viungo vya aibu! Sijui kama aliyeandika alijisikia, maana kwa Kiswahili linki ni kiungo, goti ni kiungo, na vile vingine mnavyovijua navyo ni viungo. Nilicheka peke yangu kama chizi halafu nikakasirika upya.

Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia mbona hata kwenye kitabu mhariri anakata aya. Sikia, ukikata aya kwenye kitabu msomaji hajui kama iliwahi kuwepo, karatasi inaungana maisha yanaendelea. Huku ukikata kipande, lile neno la kuendea kwenye hicho kipande linabaki palepale limening'inia, msomaji anabonyeza weee haendi popote.

Chukua Wiki ya 31. Kipande kizima kilikuwa hivi: "Nipo kwenye foleni ya benki. Nyuma yangu kuna baba mtu mzima kashika bahasha. Nikapiga chafya." Basi. Kiungo ni hilo neno chafya. Ukibonyeza unapata ukurasa mweupe una neno moja katikati: "Samahani." Ukibonyeza samahani unapata: "Baba akatazama dari. Mimi nikatazama sakafu." Ndio utani wote huo, mkojo uliotoroka na chafya haujatajwa hata kwa jina. Wao wakakata Samahani na kilichofuata. Kwa hiyo sasa hivi kuna mjamzito kwenye foleni, kuna baba nyuma yake, kuna chafya, halafu kimya. Wasomaji wawili wameniandikia kuuliza yule baba alimfanya nini yule dada. Yaani kwa kuficha matone mawili ya mkojo wamenitungia kesi ya polisi!

Hiki ndicho wasichokielewa, utani kwenye hadithi za namna hii haukai ndani ya sentensi, unakaa pale katikati, baada ya kidole kubonyeza na kabla ya ukurasa kufunguka, una picha yako kichwani halafu inakuja nyingine. Ukiondoa ukurasa wa pili umebaki na msomaji na picha yake kichwani, na wasomaji wetu vichwa vyao mimi navijua.

Kisa cha yote eti kuna msomaji alilalamika. Mwanaume, anasema alikuwa anasoma na mama mkwe wake kakaa pembeni, "ghafla" akatokewa na bawasiri. Ghafla gani ndugu yangu? Njia ya kwenda kwenye bawasiri niliijenga mimi, nakuhesabia. Kipande cha kwanza mtu anauliza "Unaendeleaje?" jibu "Naendelea vizuri". Unabonyeza vizuri. Inakuja "Vizuri kiasi." Unabonyeza kiasi. Inakuja "Kweli unataka kujua?" Unabonyeza kweli. Inakuja "Haya, funga mlango." Unabonyeza mlango. Hapo ndio unamkuta bawasiri. Na kwenye kila kipande chini niliweka kiungo kingine kikubwa tu, "Haya, nafurahi kusikia hivyo", ukikibonyeza unatoka zako na heshima yako. Huyu bwana kaupita mlango wa kutokea mara nne, na mama mkwe pembeni, kidole chake mwenyewe!

Na hapo ndipo nilipotaka wafike. Mwenye mimba kila mtu anamuuliza, barabarani, ofisini, hata mtu hamjuani anakushika tumbo anauliza unaendeleaje, ila jibu lenyewe hakuna anayelitaka. Ukianza kumweleza kwamba homoni ya projesteroni inalegeza misuli ya utumbo, choo kinagoma siku tano, mji wa mimba nao unagandamiza mishipa huko chini, unasukuma mpaka unaona nyota, anakwambia "basi Mungu akusaidie" anaondoka. Kwenye hadithi nilitaka aondoke kwa kubonyeza, ili ajione anaondoka.

Kilichoniuma zaidi ni simu. Mhariri ni mwanamke, ana watoto watatu, nikampigia. "Mdogo wangu," ananiambia huku anacheka, "hiyo chafya mimi mpaka leo naijua, nikisikia mafua yanakuja natafuta kiti." Tukacheka wote, nikajua yameisha. Eti "lakini sasa kuandika? Watu wasome?" Dada yangu kwani mimi niliandika ili watu wafanyeje?! Yaani linaruhusiwa jikoni tukiwa wanawake watupu, linaruhusiwa na nesi, likipanda kwenye skrini limekuwa uchafu.

Na msiniambie wamekata kwa sababu ya lugha. Toleo hilohilo kuna kaka kaandika mke wake mjamzito analia kwa sababu soksi zimekosana rangi, anamrushia mumewe kiatu, anakoroma kama trekta, kipo hakijaguswa hata nukta. Mwanaume akimcheka mwenye mimba ni kichekesho, mwenye mimba akijicheka mwenyewe amekosa maadili. Vyangu walivyoviacha ni vile visivyotoa harufu. Wiki ya 1 na ya 2 wamezisifia sana, za wazi kabisa hazina kitu, maana daktari anaanza kuhesabu toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo una mimba kwenye kadi tu, mwilini haipo. Ila kile kinachosema mtoto anakojoa humohumo kwenye maji ya uzazi halafu anayanywa, hicho kimekatwa, wakati hata sikuchekesha hapo, ndivyo ilivyo, ninyi wote mliokata mmeyanywa hayo.

Ujinga huu wala si mpya. Marekani 1952 mwigizaji Lucille Ball ana mimba kweli, mume wake wa kweli ndiye mume wake kwenye kipindi cha televisheni cha I Love Lucy, tumbo linaonekana, na CBS, wenye kituo, wakakataa neno lenyewe lisitamkwe, ikabidi iwe "anatarajia". Tumbo liko sebuleni kwa kila mtu, neno ndilo limefungiwa nje. Sisi tuna ya kwetu, mwenye ndoa ni mjamzito na mama kijacho, binti wa shule kapata mimba, tumbo ni lilelile. Kwenye hadithi yangu neno "mama kijacho" lilikuwa kiungo, linakupeleka kwenye "mimba", la mimba linakurudisha kwenye "mama kijacho", unazunguka hapo mpaka uchoke. Hicho nacho wamekata, sijui kina aibu gani, labda walizunguka wakachoka.

Halafu na wale wa "huu mtindo si wa mambo ya mwili, andika mashairi". Shelley Jackson 1995 alitoa Patchwork Girl, ni haipateksti, mwanamke kaunganishwa vipande vya miili ya watu, msomaji ndiye anavipitia kipande kwa kipande. Mwili umekuwemo humu toka zamani, kabla hata ya Twine, na ulikuwa na mishono.

Ninachotaka ni kimoja. Vipande vyote 9 virudi kabla ya Ijumaa, au watoe hadithi nzima na jina langu. Sitaki "toleo la familia", wamelipendekeza hilo, familia nyie mnadhani inatokea wapi? Wasiporudisha nitaipandisha mwenyewe nzima, na njia ya bawasiri nitaiongezea kipande cha tano, kuna bwana kakaa na mama mkwe wake anabonyeza.

Kama kuna mtu humu kakatiwa hivi atie neno, hasa nyie mnaotumia Twine, nijue nilikosea wapi kwenye makubaliano. Nitajibu baadaye kidogo, nimepiga chafya hapa.