Wezi wamenizoea, nifanyeje bila kujenga ukuta?

Mpangaji wa Goba: Wakuu, mwezi huu nimeingiliwa mara mbili. Kwanza mtungi wa gesi, juzi wameng'oa dirisha la aluminiamu wakaondoka na televisheni, mchana kweupe! Hela ya ukuta sina. Nianzie wapi?

Fundi Grili: Pole mkuu. Dirisha la kusukuma hunyanyuliwa kwa bisibisi tu. Weka grili ya nondo za milimita 12, ichomelewe kwenye vipande vya nondo vilivyozama ukutani. Ukiifunga kwa skrubu, mwizi ataifungua kama fundi mwenzangu. Kufuli likae kwa ndani, mkasi wa kukatia vyuma usilifikie.

Mama Bata: Mimi nilimwaga kokoto chini ya madirisha, nikapanda michongoma. Mtu akikanyaga tu, bata wangu wanapiga kelele mtaa mzima unaamka. Mbwa nilikuwa naye, wakamlisha sumu.

Mpangaji wa Goba: Bata! Haya, na mchana nikiwa kazini?

Mama Bata: Mchana ni jirani, mwanangu. Mwachie namba ya simu. Na mboga ukipika, mpelekee.

Fundi Grili: Na ule ufunguo unaoficha chini ya ndoo, utoe leo.

Mpangaji wa Goba: Umejuaje ni ndoo?