Naomba ushauri: watu wanaonja chai yangu, wanafurahi, hawanunui

Wakuu, habari za leo. Nasaga viungo vya chai nyumbani, Mbagala. Sabasaba iliyopita nilichemsha chai bandani, kila anayepita anaonja bure. Harufu ya iliki iliwavuta, mama mmoja akaanza kunisimulia chai ya bibi yake. Mauzo? Hata hela ya gesi na sukari haikurudi.

Nikaanza kusoma. Mwaka 1985 Coca-Cola walibadilisha ladha baada ya kuonjesha karibu watu 200,000, na wengi waliipenda ile mpya. Ilipoingia sokoni Marekani wateja wakaja juu. Baada ya siku 79 ya zamani ikarudi. Kumbe ulimi hauamui peke yake, kumbukumbu nazo zimo. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman naye alionyesha kuwa tukio hukumbukwa zaidi kwa kilele chake na mwisho wake. Mwisho wa banda langu ulikuwa ndoo ya vikombe vichafu!

Safari hii nawaza mteja atwange iliki mwenyewe kwenye kinu, achanganye, aondoke na kipakiti chake. Aliyewahi kujaribu, watu walirudi kununua? Na kipakiti nikiuze au nigawe? (Ushauri wa kukodi MC na spika siuwezi, mfuko umetoboka.)