Ulinganisho: kukimbia dakika 15 kila siku, kuongeza vipindi vya michezo, au kuanza na sahani?

KengeleYaMwisho (mwenye mada)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tulinganishe kwa hesabu. Tuseme shule ni ya kutwa, ina wanafunzi 480 wa miaka 7 hadi 14, madarasa 12 ya watoto 40, uwanja mmoja, mipira sita, mabomba manne ya maji ya kunywa na jiko linalopika mlo wa mchana. Ratiba inaweza kuachia dakika 75 kwa wiki kwa kila darasa, haizidi hapo. Zitumike vipi?

A) Kukimbia au kutembea dakika 15 kila siku ya shule.
B) Vipindi viwili vya ziada vya elimu ya viungo, kama dakika 37 kila kimoja.
C) Kujinyoosha darasani dakika 5, mara tatu kwa siku.
D) Ratiba isiguswe, nguvu zote ziende kwenye chakula na vinavyouzwa getini.

Filimbi_Mbili

Hesabu dakika ambazo mtoto anahema, zile za kwenye ratiba ziache pembeni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya wastani hadi nzito, na angalau siku 3 kwa wiki kuwe na mazoezi ya kukomaza misuli na mifupa. Kwa wiki ni dakika 420. Hizo 75 hazifiki hata moja ya tano, kwa hiyo hakuna ya kutupa.

Sasa angalia B inavyoliwa. Katika dakika 37, toa 5 za kutoka darasani na kubadili nguo, 3 za kuita majina, 5 za maelekezo, 4 za kurudi na kunawa. Zimebaki 20. Mipira sita kwa watoto 40 ni foleni ya watoto sita au saba kwa kila mpira. Zamu moja ikiwa sekunde 15, mtoto anarudi mbele ya foleni baada ya sekunde 90 hadi 105. Ndani ya dakika 20 amepata zamu kama 12, yaani dakika 3 za kucheza. Vipindi viwili, dakika 6 kwa wiki.

A inapoteza dakika 4 za kwenda na kurudi, zinabaki 11. Mara siku tano, 55. Kwangu mimi A inashinda mbali.

Mwl_Viungo

Hesabu ya Filimbi_Mbili ni sahihi, ila inahukumu foleni, haihukumu kipindi. Foleni ni kosa la mpangilio, na linarekebishika ndani ya wiki moja:

Gawa watoto 40 kwenye vituo vinane vya watoto watano. Sita vina mpira, kimoja kamba za kuruka, kimoja mistari ya kuruka na kutua kwa miguu miwili. Kwenye vituo vya mpira wacheze watatu kwa wawili katika eneo la hatua 10 kwa 10, wabadilishane kila dakika 2. Maelekezo yasizidi sekunde 40, jambo moja kwa wakati, na watoto waanze kucheza kabla hujafafanua la pili. Majina yaitwe wakati wanapasha mwili moto. Nguo wasibadili, wavue masweta tu. Walimu wengi wa viungo huweka lengo kwamba angalau nusu ya kipindi mtoto awe anatembea kwa kasi au zaidi. Kwa mpangilio huu dakika 19 au 20 kati ya 37 zinapatikana.

Najua 40 kwa wiki bado ni pungufu ya 55. Lakini kukimbia kunafundisha kukimbia tu. Kurusha, kudaka, kukwepa, kutua bila kuumia magoti, hayo hayaji kwa kuzunguka uwanja, na sehemu ya misuli na mifupa kwenye mwongozo inatimizwa na kuruka, kuvuta na kupanda. Mtoto asiyejua kudaka hujificha pembeni mchezo ukianza. Ukiona watoto walewale wanne wanaomba kila mara kushika filimbi au kuhesabu magoli, usidhani ni wavivu. Hawajafundishwa.

Hatua_Elfu

Kwa atakayechagua A, mafanikio yako kwenye vitu vidogo. Mpango wa aina hii ulianzia shule moja ya msingi mjini Stirling, Scotland, mwaka 2012, na umesambaa nchi nyingi kwa kuwa hauhitaji vifaa wala nguo za michezo. Yanayouua ni haya.

Kwanza, mwalimu akianza kutangaza mshindi. Wazito wanajificha chooni kufikia wiki ya tatu. Kila mtoto aende mwendo wake: mchakamchaka, akichoka atembee, akipata pumzi aanze tena. Kipimo cha kasi ni maneno: aweze kuongea sentensi fupi lakini asiweze kuimba.

Pili, msongamano. Usitoe watoto 480 kwa pamoja. Toa madarasa manne, kila darasa lianzie kona yake ya uwanja, wote wazunguke upande mmoja. Wakianzia mstari mmoja, wadogo wanakanyagwa kwenye kona ya kwanza.

Tatu, mizunguko kugeuzwa adhabu. Hili naomba lipigwe marufuku kabisa. Mtoto aliyekimbizwa kwa kuchelewa darasani hawezi kesho yake kuamini kwamba kukimbia ni zawadi kwa mwili wake.

Mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta iwe mkononi mwa mwalimu aliyeko uwanjani, siyo kwenye kabati la ofisi. Kama daktari amemwagiza atumie kabla ya mazoezi, avute dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza. Mwenye selimundu anywe maji, apumzike anapotaka na asisukumwe. Na mtoto anayehema kupita wenzake siku zote, viganja vimepauka, mpelekeni akapimwe damu kabla ya kuongezewa mizunguko.

Upawa_Mmoja

Mnajadili mbio za watoto ambao wengine wametoka nyumbani tumbo tupu. Mimi naanza na D, na siombi radhi.

Chukua kipimo kinachojulikana. Mpango wa kitaifa wa chakula shuleni wa India unaweka kwa mtoto wa shule ya msingi ya chini kilokalori 450 na protini gramu 12 kwa mlo: nafaka gramu 100, mikunde 20, mboga 50, mafuta 5, zote zikipimwa mbichi. Kwa wakubwa ni kilokalori 700 na protini gramu 20: nafaka 150, mikunde 30, mboga 75, mafuta 7.5. Tuseme wadogo ni 300 na wakubwa 180. Stoo inatakiwa kutoa nafaka kilo 57, mikunde kilo 11.4, mboga kilo 28.5 na mafuta karibu kilo 2.9 kila siku. Linganisha na kilichotoka stoo jana. Mikunde na mafuta ndivyo huwa pungufu, kwa sababu havipimwi, vinakadiriwa kwa jicho.

Kosa la pili liko kwenye kupakua. Mikunde inazama, mchuzi unaelea. Darasa la kwanza kwenye foleni linapata maji yenye rangi, la mwisho linapata uzito wote. Koroga hadi chini kila baada ya sahani kumi, tumia upawa wa ukubwa mmoja.

Maharage mekundu yalowekwe si chini ya saa 5, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo moto upunguzwe. Yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo, sumu yake ya asili haivunjiki, na watoto watatapika ndani ya saa chache. Chakula kilichoiva kikae juu ya nyuzi 60 hadi kipakuliwe. Kikipoa, kisikae nje zaidi ya saa 2.

Na chai msiiweke pamoja na mlo. Inazuia madini ya chuma ya kwenye mikunde na mboga yasifyonzwe. Isogezeni saa moja au zaidi, na kwenye mlo wekeni tunda lenye vitamini C.

Mabomba_Manane

Naunga mkono D, ila marufuku ya soda getini bila maji ni kazi bure. Watoto 480, mabomba manne, kila mmoja sekunde 10: foleni inachukua dakika 20. Mapumziko ni dakika 15. Mtoto anayeiona foleni ndefu ile anakwenda kwa muuzaji, na hana kosa. Mabomba yakiwa manane, foleni inaisha kwa dakika 10.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayekula kilokalori 1,600 ni gramu 40. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida ina kama gramu 50. Chupa moja imeshapita kiwango cha siku nzima.

Jambo jingine lisilogharimu kitu: wacheze kwanza, kisha wale. Wakila kwanza wanabugia ili wawahi uwanjani, na kinachotupwa ni mboga na matunda. Wakitoka kucheza wana njaa na hawana haraka. Wapeni dakika 20 za kukaa na sahani, zihesabiwe baada ya kupakuliwa.

KengeleYaMwisho

Asanteni sana. Kuna anayetetea C? Na nitajuaje kama kinafanya kazi? Wazazi wanataka tupime uzito kila mwezi.

Filimbi_Mbili

C iwe akiba ya siku za mvua. Dakika 5 darasani, ukitoa kusogeza madawati, zinabaki 2 au 3 za kupunga mikono. Inasaidia kuvunja kukaa, haifikishi mtoto kwenye kuhema.

Uzito wa kila mwezi uachwe. Mtoto anakua, kwa hiyo mizani lazima ipande, na muhula mmoja hautoshi kuonyesha lolote. Ukipima, iwe faraghani, uzito usomwe pamoja na urefu, umri na jinsia, na namba isitamkwe mbele ya mwingine.

Pima hivi. Chagua watoto sita bila kuwatangazia, wasichana watatu na wavulana watatu. Kila sekunde 20 mtazame mmoja wao kwa zamu na uandike herufi: K amekaa, S amesimama, T anatembea, H anakimbia au anahema. Dakika 15 zinakupa alama 45. T na H zikiwa chini ya 23, tatizo ni mpangilio. Ukiona S nyingi ni za wasichana, angalia nani anamiliki katikati ya uwanja. Jikoni weka ndoo mbili za mabaki, moja ya mboga na moja ya vingine, zipimwe kila siku kwa wiki mbili.

KengeleYaMwisho

Basi nimepanga hivi. Kukimbia dakika 15 Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, jumla 45. Jumanne kipindi kimoja cha dakika 30 kwa vituo vya Mwl_Viungo. Jumla 75. Mchezo kabla ya mlo, mabomba yaongezwe, stoo ipime mikunde na mafuta.

Mwl_Viungo

Mpango mzuri, mwalimu, ila Jumanne itakukwamisha. Madarasa 12 kwa dakika 30, moja moja, ni saa 6 za uwanja. Ukiyaweka mawili mawili, mipira sita inagawanywa kwa watoto 80 na foleni imerudi. Gawa: madarasa sita Jumanne, sita Ijumaa asubuhi, saa 3 kila siku. Ijumaa mchana usiiguse, ndiyo ya kwanza kumezwa na vikao na mitihani. Mipira na kamba vikae kwenye wavu mlangoni mwa uwanja, vimejazwa upepo tangu jana yake, na mwenye funguo awe mwalimu wa kipindi.